Mikebe Miwili Kabla ya Krismasi

(Mazungumzo ya redio. Masomo: Kutoka 16:13–30, Mathayo 25:1–13)

 Popote mlipo, ikiwa ni jikoni, shambani, dukani au kitandani kwa ugonjwa, karibuni tuketi pamoja kwa muda mfupi. Leo tunawasalimu hasa ndugu zetu wa Vitengeni, kule magharibi ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pamoja na jirani zao wa Ganze, Bamba na Jilore. 

Leo tunalo jambo ambalo huenda wengine wenu watalicheka. Tunataka kuzungumza juu ya mapambo ya keki ya Krismasi. Tena tunazungumza habari hizo mwezi wa Septemba, wakati hata vuli haijaanza kunyesha! Msifunge redio. Tunazungumza mapema kwa makusudi, kwa maana jambo lenyewe ni la mapema, na ndani yake mna swali ambalo kila nyumba ya Kikristo hapa kwetu haina budi kulijibu.

Wahenga husema, akiba haiozi. Nasi twakubali. Lakini Maandiko yatuambia kwamba jangwani watu waliweka akiba, nayo ikaoza usiku mmoja. Basi ni akiba ipi isiyooza? Hilo ndilo swali letu la leo. Tulijibu kwa kuanza na sukari.

Sisi sote twaijua Desemba ilivyo. Mwezi huingia taratibu, kisha ghafla ni tarehe 20. Watoto wataka nguo, wageni watoka Mombasa na Nairobi, na duka limejaa watu. Siku hizi hata kukopa kumekuwa rahisi: mtu abonyeza simu yake, na fedha zaingia kabla hajafikiri. Siku ya sikukuu pilau hunukia kijiji kizima. Kisha yaja Januari, shule zafunguliwa, na deni labisha hodi. Vijana wameubandika mwezi huo jina la Njaanuari, nasi hatuwezi kuwalaumu. Nyumba nyingi hazilii kwa sababu zilisherehekea, bali kwa sababu zilitaka kufanya kwa siku tatu kazi ya miezi mitatu.

Basi tazameni ua dogo la sukari. Ua hili haliwezi kuharakishwa. Ukilianza jioni ya tarehe 24, asubuhi litakuwa bado bichi, na ukiliweka juu ya keki litalala kama jani la mchicha lililopigwa na jua. Hewa yetu ya Desemba ina unyevu mwingi, na sukari hupenda maji kuliko mtoto apendavyo maji ya bahari. Huyavuta kutoka katika hewa yenyewe. Ndiyo maana mwenye busara hulifanya ua lake sasa, hewa ingali kavu, akaliweka mahali pakavu. Likikauka vizuri na kuhifadhiwa vizuri, litakaa miezi na lisiharibike.

Mama mmoja aweza kuuliza, "Nami sina joko wala friji, nitafanyaje?" Mama, usihuzunike. Kwa kazi hii hata friji haitakiwi, nayo yaweza kuiharibu, kwa maana ua likitolewa kwenye baridi na kuingia kwenye joto hutoka jasho na kulegea. Na keki yenyewe yaweza kuokwa kwa sufuria nzito yenye kifuniko, makaa machache chini na makaa mengi juu, kama mama zetu walivyofanya siku zote.

Chukueni kalamu, tuwape kipimo. Sukari laini ya unga, gramu 100, ichekechwe vizuri pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha ule wanga mweupe wa mahindi unaouzwa madukani. Jelatini nusu kijiko cha chai, inyunyizwe juu ya maji baridi vijiko viwili vya chai, ikae dakika tano hata ivimbe. Kibakuli chake kiwekwe ndani ya maji ya moto mpaka jelatini iwe nyangavu, lakini isichemke. Mimina katika sukari, ukande mpaka upate donge laini lisiloshika vidole. Likiwa gumu, tone moja la maji latosha. Likiwa laini mno, ongeza sukari kidogo. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu hukauka upesi. Watu wengi hutumia ute wa yai badala ya jelatini, nao hukauka vizuri sana. Lakini yai bichi laweza kuleta ugonjwa wa tumbo, hasa kwa watoto wadogo, wazee na wajawazito. Kwa hiyo jelatini ni salama zaidi.

Hapa tuseme neno juu ya jirani zetu Waislamu. Wao hutuletea sinia siku ya Idi, nasi huwapelekea sahani siku ya Krismasi. Hayo ni mapatano mazuri ya Pwani, na Mungu ayadumishe. Basi unaponunua jelatini, soma pakiti yake, uchague ile iliyothibitishwa kuwa halali, kwa maana nyingine hutokana na nguruwe. Na keki yako usiitie pombe. Sahani unayompelekea jirani naye hawezi kuila bila kuvunja dhamiri yake, hiyo si zawadi.

Sasa tufanye ua gani? Hatuhitaji waridi la Ulaya. Tunayo asumini yetu, nyeupe, ambayo sukari yenyewe imekwisha kuipa rangi. Sukuma donge kwa chupa safi hata liwe jembamba, katia petali kwa kizibo cha soda kilichooshwa vizuri, bana kila petali upande mmoja, kisha unganisha petali tano kwa tone la maji. Katikati tia kitone cha donge lililopakwa manjano kidogo, ile bizari ya njano ya mchuzi. Liweke ua juu ya karatasi ndani ya kishimo cha trei ya mayai, ili lisimame kama kikombe. Masalio ya donge yawe majani na nyota. Usitie kijiti wala pini ndani ya ua, kwa maana mtoto hula kwanza na kuuliza baadaye. Wala usikate ua bichi la bustani na kulichomeka kwenye keki; mengine ni mazuri kwa macho lakini yana sumu.

Maua hayo na yakae kivulini siku mbili au tatu, penye upepo, chini ya kitambaa chepesi. Tusiyaanike juani, kwa maana jua hula rangi. Utajuaje kwamba limekauka? Ligonge polepole juu ya sahani. Likilia kama kigae, liko tayari. Likinyamaza, bado.

Kisha latafutwa mkebe. Mkebe wa maziwa ya unga au wa biskuti wafaa, uoshwe na kuanikwa juani mpaka usiwe na harufu. Tandika karatasi safi chini, panga maua yasigusane, funika kwa karatasi, panga tena. Pembeni tia kifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta ukapoa. Mchele huo utayanywa maji yaliyobaki katika hewa ya mkebe. Funga kifuniko, uzungushie utepe wa kunata, uandike tarehe. Usiuweke karibu na mvuke wa chungu, wala karibu na sabuni, mafuta ya taa au vitunguu, kwa maana sukari hubeba harufu ya jirani yake. Na kwa ajili ya chungu na sisimizi, simamisha miguu ya meza yako ndani ya vikopo vya maji.

Bado tunalo onyo moja, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Usiweke kitu kikavu na kitu chenye majimaji katika mkebe mmoja. Vipande vya papai la sukari ni kitamu, na maua ni mazuri. Lakini ukivifungia pamoja, unyevu wa papai utahamia katika ua, na baada ya siku chache yote mawili yatakuwa yameharibika. Kila kimoja kiwe na chombo chake.

Kadhalika kila kimoja kina majira yake. Ua la sukari ni la Septemba. Korosho za kukaanga, zikifungwa katika chupa isiyopitisha hewa, ni za mwishoni mwa Novemba. Papai bichi, lililokatwa vipande vidogo nusu kilo, likachemshwa mpaka ling'ae kama kioo, kisha likapikwa polepole katika robo kilo ya sukari na nusu kikombe cha maji, likalala usiku mmoja katika shira yake, likachujwa na kukaushwa, hilo ni la wiki mbili au tatu kabla ya sikukuu. Likitoa ukungu au harufu ya uchachu, litupwe bila huruma. Na kashata za nazi ni za wiki yenyewe ya Krismasi, kwa sababu mafuta ya nazi hayakawii kuchacha. Maua nayo yapandishwe juu ya keki asubuhi ya sikukuu, yakae makavu mpaka wakati wa kuliwa.

Haya ndiyo mambo ya mikono. Sasa tuje kwenye mambo ya moyo.

Ndugu mmoja atasema, naye asema kweli: "Mwatufundisha maua ya sukari, na sisi wa Vitengeni twaomba mvua?" Ndugu, tunakusikia. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, na watu wa Ganze walikuwa miongoni mwa walioumia sana katika Kaunti ya Kilifi. Mifugo ilikufa, visima vikakauka, wanawake wakatembea mbali na mitungi. Kisha mwaka 2023 vuli ikaja kwa kishindo, na mafuriko yakazikumba sehemu nyingi za Pwani. Katika nchi ambayo huenda ikakosa mahindi, je, ni haki Mkristo kuketi akikunja petali za sukari?

Swali hili si jipya. Liliulizwa Bethania, siku Mariamu alipompaka Bwana marhamu ya thamani kubwa. Akatokea mtu aliyesema kwamba ingalifaa yauzwe, maskini wapewe. Maneno yalikuwa mazuri, lakini Yohana atuambia kwamba msemaji hakuwajali maskini. Alikuwa na mkono katika mfuko. Bwana Yesu alimtetea yule mwanamke. Hata hivyo hakusema kwamba maskini wasahauliwe. Katika Injili ya Marko alisema kwamba maskini wako nasi siku zote, nasi twaweza kuwatendea mema wakati wowote tupendao. Ndugu, hilo "wakati wowote" latubana sana! Maana yake ni kwamba uzuri tumtoleao Bwana hautupi ruhusa ya kumpita mwenye njaa, na mwenye njaa hatumiki kuwa kisingizio cha moyo mchoyo. Vyote viwili vyatakiwa.

Basi turudi jangwani. Mana ilishuka asubuhi, na Musa aliwaagiza watu wasibakize. Wengine hawakusikia, walificha hata asubuhi, ikaingia mabuu na kunuka. Lakini siku ya sita watu waliokota maradufu, wakaiweka mpaka Sabato, nayo haikunuka wala haikuingia mabuu. Tazameni jambo hilo vizuri. Mana ilikuwa ile ile, na jua lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa nini? Ya kwanza iliwekwa kwa hofu, na mtu asiyeamini kwamba kesho Mungu atakuwapo. Ya pili iliwekwa kwa neno la Mungu, ili wote wapumzike na kufurahi mbele zake.

Na hivyo ndivyo ilivyo katika Maandiko yote. Yusufu alikusanya nafaka miaka saba, na njaa ilipoingia akazifungua ghala. Yule tajiri wa Luka 12 naye alikusanya nafaka, akapanga kujenga ghala kubwa zaidi, lakini katika mipango yake yote hakumtaja mtu mwingine hata mmoja. Alizungumza na nafsi yake peke yake, na usiku ule ule akaitwa. Wote wawili waliweka. Mmoja aliweka ili afungue, na mwenzake aliweka ili afunge. Hapo ndipo akiba inapooza au isipooze.

Wazee wetu wa Kigiriama walilijua jambo hili bila kusomewa. Mahindi yao waliyaweka uchagani, juu ya meko, mahali wanapopaita lutsaga. Moshi wa kila siku uliyakausha na kuwafukuza wadudu. Lakini fikirini: uchaga huo ulikuwa juu ya chungu. Kila mama aliyepika aliinua macho na kuona kiasi kilichobaki, na mgeni aliyefika alilishwa kutoka hapo. Haikuwa hazina ya kuzikwa. Tena waliiweka mbegu kando, wakaiheshimu, kwa maana aliyekula mbegu alikuwa amekula mwaka ujao. Nasi twawaambia wazazi wanaotusikiliza: karo ya Januari ni mbegu. Keki isiile mbegu hiyo. Ikiwa sukari ya maua itaondoa kitabu cha mtoto, liache ua. Bwana wetu alizaliwa katika hori, hatakosa kuifikia nyumba isiyo na keki.

Lakini mwenye uwezo wa vijiko vichache vya sukari kila juma, huyo tunamwomba afanye hivi. Atafute mikebe miwili, si mmoja.

Mkebe wa kwanza ni wa maua. Mkebe wa pili, au ndoo yenye kifuniko, ni wa mahindi, maharagwe au pojo. Kila Jumamosi anapofanya maua na kuyaweka katika mkebe wa kwanza, atie kibaba kimoja cha nafaka katika ule wa pili. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba hujaza ndoo. Na sheria ya nyumba iwe hii: mkebe wa maua haufunguliwi kabla mkebe wa nafaka haujamiminwa katika nyumba ya mtu asiye na kitu. Umiminwe kimya, jioni, kabla ya siku kuu, pasipo kupiga picha wala kutangaza. Ndipo asubuhi tutakapoyaona maua yetu, na dhamiri haitakuwa na la kutuuliza.

Tena maua yenyewe yafanywe kwa hesabu. Watu wengi hufanya pambo moja kubwa katikati ya keki, na keki ikikatwa, pambo hilo huenda kwa mtoto wa mwenye nyumba au kwa mgeni wa heshima. Tunawashauri njia nyingine. Keki ya mraba yenye sentimita 24 kila upande, ikikatwa vipande vya sentimita nne nne, hutoa vipande 36. Basi fanya maua madogo 36, na mengine tisa kwa ajili ya yatakayovunjika, jumla 45. Ni maua tisa kila Jumamosi kwa Jumamosi tano. Haya si mzigo. Na kila kipande kitakuwa na ua lake.

Mwaona tulipofika? Ili ujue idadi ya maua, huna budi kwanza kuhesabu watu. Keti na daftari, uandike majina. Watoto wa shule ya Jumapili ni wangapi? Je, yupo yule yatima aliyehamia kwa bibi yake mwezi uliopita? Je, yupo yule mtoto asiyetembea, ambaye huletwa kanisani mara chache kwa sababu njia ni mbaya? Je, umemwandika yule mama ambaye hamjasemezana naye tangu mwezi wa Machi? Ukikuta jina ambalo mkono wako wasita kuliandika, simama hapo. Hapo ndipo Majilio yako yanapoanzia.

Kwa maana kuna mambo mengine ambayo, kama ua la sukari, hayafanyiki usiku wa tarehe 24. Twasoma habari za wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, na wote walilala usingizi. Lakini watano walikuwa na mafuta katika vyombo vyao, na watano hawakuwa nayo. Na kelele ilipopigwa usiku wa manane, hayakuweza kugawanywa. Wengi huwaona wale watano wenye busara kuwa wachoyo. Lakini Bwana atufundisha kwamba vipo vitu visivyokopeka. Huwezi kukopa subira ya mwenzako. Huwezi kukopa maombi ya mkeo. Mapatano na ndugu yako hayanunuliwi dukani saa ya mwisho, wala hayaletwi na simu. Hufanywa kidogo kidogo, kivulini, na kuachwa yakauke. Neno moja la upole leo, salamu moja juma lijalo, mwezi ujao kikombe cha chai. Kufika Krismasi, uligonge, nalo litalia kama kigae.

Na kama vile tusivyoweka kikavu pamoja na chenye majimaji, vivyo hivyo tusiweke msamaha na kinyongo katika moyo mmoja. Kinyongo kina unyevu. Hata kikifichwa chini kabisa, kitapanda na kulegeza kila kitu kizuri tulichokiweka juu yake.

Baba wa nyumba, usidhani haya ni mazungumzo ya akina mama peke yao. Mungu alipotaka hema yake ipambwe, alimwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza Roho wake, ili afanye kazi ya ustadi kwa dhahabu, kwa mawe na kwa miti. Kama Mungu hakudharau kazi ya kupamba, wewe ni nani uidharau? Keti na watoto Jumamosi hiyo. Mwache mkubwa asukume donge, mdogo apange trei, nawe uchekeche sukari. Wakati mikono yao inafanya kazi, wasimulie kwa nini tunangoja, na ni nani tunayemngoja. Mtoto aliyefanya ua Septemba na kulingoja mpaka Desemba amejifunza maana ya Majilio kuliko aliyesikia mahubiri kumi.

Katika kanisa la Anglikana iko sala ya zamani ya Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, inayomwomba Mungu aichochee mioyo ya watu wake wapate kuzaa matendo mema. Akina mama wa Uingereza walipoisikia walikumbuka kwamba umefika wakati wa kukoroga unga wa sikukuu, na wengi waliicheka kumbukumbu hiyo. Sisi hatuicheki. Heri sala inayomfikisha mtu jikoni, na heri jiko linalomkumbusha mtu sala.

Wapenzi, huenda mwaka huu mvua ikaja vizuri, au isije. Huenda mikebe yetu ikawa midogo. Lakini tuanze. Jumamosi hii, tutafute mikebe miwili, tuioshe, tuianike juani. Tuandike majina. Tufanye maua tisa na kuweka kibaba kimoja. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya mwingine, mbele za Mungu, haiozi.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyewalisha watu wako jangwani na kuwapa raha ya Sabato, tufundishe kuweka bila hofu na kufungua bila uchoyo. Wakumbuke watu wa Vitengeni na mashamba yao. Uwape mvua kwa kiasi chake na mavuno kwa wakati wake. Wasaidie wazazi wanaohesabu karo. Wapatanishe waliokosana, kabla siku kuu haijafika. Bariki mikono ya akina mama na watoto watakaofanya kazi ndogo kwa ajili yako, wala usiruhusu mtoto yeyote akose kipande chake. Tunaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, aliyekuja kwetu akiwa mtoto, na ambaye atakuja tena. Amina.